Je, Binti Aongezwe Nywele? Somo kwa Wazazi na kwa Walimu wa Kipaimara



Mama mmoja wa usharika wetu alinijia jioni, baada ya darasa la Kipaimara, akanena: "Baba Mchungaji, binti yangu ana miaka 14. Ataka kusukwa rasta ndefu, zifike kiunoni, kwa siku yake ya Kipaimara. Baba yake amekataa, asema ni dhambi. Nami sijui la kumjibu mtoto, maana hata mimi mwenyewe nimesuka." Akagusa kilemba chake, akacheka kwa haya. Nikamwomba anipe siku chache, nikamwahidi ya kuwa nitaandika, kwa kuwa si yeye peke yake aulizaye neno hili.

Lakini kabla sijajibu, yanipasa kuungama kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mwingine, msichana wa darasa langu alikuja amesukwa nywele za kuongeza, ndani yake nyuzi nyekundu. Mbele ya wenzake nikamwambia arudi kwao, azifumue, ndipo aje kujifunza. Akaenda asijibu neno. Juma la pili akaja amejifunga kitambaa kichwani. Nikadhani amenidanganya, nikamwamuru akivue. Akakivua. Katika panja zote mbili, na pembeni mwa paji la uso, palikuwa wazi. Ngozi inang'aa, hapana hata unywele mmoja. Yule mtoto aliongeza nywele apate kufunika mahali ambapo nywele za kuongeza za kwanza zilikuwa zimeng'oa zake. Darasa lote likanyamaza, nami nikanyamaza pamoja nao.

Baadaye nilikwenda kwao kumwomba radhi, yeye na mama yake. Basi msomaji ajue ya kuwa aandikaye hapa si mtu aliyelifahamu jambo hili tangu mwanzo.

Sasa tulitazame neno la dhambi. Baba wa nyumba ile ategemea 1 Timotheo 2:9 na 1 Petro 3:3, ambapo mitume wawaonya wanawake juu ya kusuka nywele. Maandiko hayo yasomwe, asiyafiche mtu. Lakini yasomwe yote. Maana pamoja na kusuka imetajwa dhahabu, na mavazi yametajwa pia. Naye baba asemaye kwamba kusuka ni dhambi huenda amevaa pete ya dhahabu kidoleni, na mkewe amekwisha kushonewa gauni jipya la sikukuu. Tena kama kusuka kwenyewe ni dhambi, basi hata twende kilioni ya bibi zetu ni dhambi, wala sijamsikia mzee wa kanisa akisema hivyo.

Yafaa tujue watu wa siku zile walikuwa wakifanya nini. Katika miji ya Warumi wanawake matajiri walijengewa nywele kichwani kama ghorofa, kwa mikono ya watumwa, na zisipotosha waliongeza za watu wengine. Ovid, mshairi wa Rumi aliyefariki yapata mwaka 17 baada ya Kristo, alimwandikia mwanamke ambaye nywele zake zilianguka kwa sababu ya dawa za rangi, akamwambia ya kuwa sasa itambidi kuvaa nywele za mateka wa Germania. Mwaona ya kuwa jambo hili si geni, wala madhara yake si mageni. Kwa hiyo mimi naona Mtume alikuwa akimtazama tajiri aingiaye katika kusanyiko na mali yake kichwani, na maskini aketiye karibu naye. Neno hilo nitalirudia, maana lagusa siku ya Kipaimara kuliko watu wadhanivyo.

Wako pia wasemao, "Ni desturi ya Wazungu." Hawa hawajasoma. Huko Amarna, katika nchi ya Misri, wachimbuaji walikuta fuvu la mwanamke aliyezikwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, nywele zake zimeongezwa vipande yapata 70. Habari zake zilitangazwa mwaka 2014. Na katika nchi ya Waovambo, kaskazini mwa Namibia, ambako wamisionari Walutheri wa Ufini walifika mwaka 1870, lilikuwako kabila la Wambalantu. Wasichana wao tangu umri wa miaka 12 hivi walipakwa nywele unga wa gome la mti uliochanganywa na mafuta, zipate kurefuka; nao wakifika yapata miaka 16 walifungiwa nyuzi ndefu za kano za wanyama, zikateremka karibu na ardhi. Ilikuwa alama ya kutoka utotoni. Wala wanaume wasijione wako mbali: Absalomu alizipima nywele zake kwa mizani, zikawa shekeli 200 (2 Samweli 14:26), na moran wa Kimasai hufuga nywele ndefu zilizosukwa, hata mama yake amnyoe siku ya kuacha umorani.

Mwinjilisti mmoja aliniuliza swali zito zaidi. Nywele za watu zenye bei kubwa, nyingi hutoka Uhindi. Katika hekalu la Tirumala, jimbo la Andhra Pradesh, mahujaji hunyoa vichwa vyao kwa nadhiri, na hekalu huziuza nywele hizo kwa mnada. Mwaka 2004 marabi wa Kiyahudi walikataza wigi za nywele za namna hiyo, kwa kuwa zimetoka katika ibada ya miungu, na watu wakazichoma moto njiani huko Brooklyn, Marekani. "Je," akasema, "Mkristo azivae?" Nilimwambia asome 1 Wakorintho 8, habari za nyama iliyotolewa kwa sanamu. Mimi sioni ya kuwa unywele umebeba mungu ndani yake. Lakini mtu ambaye dhamiri yake yamsumbua asilazimishwe, wala asichekwe. Linisumbualo mimi ni jingine: mwanamke yule maskini aliyenyoa hakupewa hata senti, na kichwa chake chauzwa mbali kwa fedha nyingi. Hata hivyo rasta za bei ndogo, ambazo ndizo wazitakazo watoto wetu, hazikutoka kichwani pa mtu. Ni nyuzi za kiwandani, za jamii ya plastiki.

Sasa twaja kwenye kichwa chenyewe, na hapa nawasihi wazazi wasome polepole.

Unywele una shina lake ndani ya ngozi. Ukivutwa siku moja hauna neno. Ukivutwa mchana na usiku, majuma na miezi, shina huchoka, hutoa vipele, kisha huachia. Kwanza huanza penye nywele nyembamba, yaani panja na ukingo wa paji la uso. Likigunduliwa mapema na kuvuta kukakoma, nywele hurudi. Likiachwa miaka, mahali pale hufanya kovu, na penye kovu unywele hauoti tena, hata upake mafuta ya namna gani. Mwaka 2007 waganga wa Cape Town walitangaza habari za wanafunzi Waafrika waliochunguzwa vichwa: kati ya wasichana 100, yapata 17 walikuwa na upara wa kuvutwa, kati ya wavulana hakuonekana hata mmoja. Kwa wanawake watu wazima ilikuwa yapata 32 kwa 100. Waliona pia ya kuwa hatari huzidi nywele zikiwa zimekwisha kutiwa dawa ya kulainisha, kisha zikasukwa au kuongezwa juu yake.

Nasi katika Tanzania tuna sababu yetu ya kuzidisha. Shule nyingi huwaamuru wasichana kukata nywele ziwe fupi. Likizo ndefu inapofika, binti ana nywele za urefu wa kifundo cha kidole, naye ataka rasta zifikazo kiunoni. Msusi atafanyaje? Hana budi kuushika unywele ule mfupi kwa nguvu tangu kwenye ngozi, kisha auning'inizie uzito usio wake. Mtoto hulia machozi, naye huambiwa, "Vumilia, utapendeza." Wapenzi, neno hilo ndilo baya kuliko rasta zenyewe. Maumivu ni mjumbe wa shina la unywele. Mama asimfundishe mtoto wake kumfukuza mjumbe huyo.

Mwaka 2025 chama cha Marekani kiitwacho Consumer Reports, kipimacho bidhaa kwa ajili ya wanunuzi, kilichunguza nywele za kusukia za kiwandani za namna 10. Katika zote zilionekana kemikali zidhaniwazo kuleta saratani, na katika 9 kati ya hizo ilionekana risasi. Sisemi ya kuwa msichana akisukwa mara moja ataugua, wala mtu asiende kutisha watoto kwa habari hii. Nasema tu ya kuwa ni vema zioshwe kabla ya kusukiwa, na zisikae kichwani muda mrefu. Tena wapishi wa jikoni penye mafiga watazame: nyuzi hizi huyeyuka zikiguswa na moto, na maji ya moto ya kuchovyea ncha zake yamewaunguza watoto mabega na mgongo.

Nisidhaniwe kuwa nawashitaki wasusi. Wako wajane katika usharika wetu ambao ususi umewalisha watoto na kuwalipia ada. Mke wangu pia husuka rasta, na fedha hutoka mfukoni mwangu. Msusi mwema hulegeza mkono akiambiwa. Msusi asiyelegeza, mama na ainuke na binti yake, hata kama kichwa ni nusu.

Habari ya fedha nitaisema kwa maneno machache, maana kila mtu aujua mfuko wake. Mwaka 2019 Serikali ya Tanzania iliweka ushuru wa 25 kwa mia juu ya nywele za bandia zitokazo nje na 10 kwa mia juu ya zile zitengenezwazo nchini, wala sikuona sokoni kwetu mtu aliyeacha kununua kwa ajili hiyo. Lakini nimeona mama auzaye ndizi akikopa kwa ajili ya kichwa cha mtoto, naye mtoto hajui ya kuwa ni deni. Hilo si jema. Mtoto wa miaka 14 aweza kuambiwa bei ya kitu, na kuambiwa ni mafungu mangapi ya ndizi.

Na hapa narudi kwa yule maskini aketiye karibu na tajiri. Mwaka mmoja msichana wa darasa letu hakuja siku ya Kipaimara. Tulimtafuta, tukamkuta nyumbani anatwanga. Gauni alikuwa nalo, la kuazimwa. Alisema wenzake wote wamesukwa, naye hataki kusimama peke yake mbele ya watu na kichwa kitupu. Alikuwa ameyajua Mafundisho Makuu kuliko wote. Tangu hapo nimewaita wazazi mwanzoni mwa darasa, tumepatana pamoja: kwa siku ile kila msichana atakuja na nywele zake mwenyewe, fupi au za twende kilioni. Naomba walimu wa mitaa mingine walijaribu jambo hili, lakini kwa kupatana na wazazi, si kwa amri itokayo madhabahuni. Na atakayekuja amesukwa asirudishwe mlangoni. Nilirudisha mmoja, yatosha.

Nje ya siku ile, kila nyumba ina mamlaka yake. Mimi nikiulizwa, nasema binti wa miaka 14 aweza kuruhusiwa katika likizo, nywele zake zikiwa ndefu kiasi cha kushikika bila kuvutwa, nazo hazikutiwa dawa. Rasta ziwe fupi na nyepesi, ukingo wa paji la uso uachwe huru, na kabla ya majuma 6 kwisha au 8, zifumuliwe, kichwa kipumzike. Lakini kabla ya hayo yote mzazi amwulize mtoto, "Kwa nini wazitaka?" Kisha anyamaze asikie. Wengine hutaka kwa sababu ni vizuri tu, kama tulivyotaka viatu vipya sisi. Wengine hutaka kwa sababu wamechekwa nywele zao za kipilipili, na huyu ana haja ya maneno ya mama kwanza, rasta baadaye. Na mwingine, kama yule wangu, ana jambo analolificha. Baba akatazaye kwa sauti kubwa hatalijua kamwe, wala mama atoaye fedha pasipo kuuliza.

Yule mama nilimweleza haya kwa ufupi Jumapili baada ya ibada. Siku ya tatu akarudi. Akasema amemketisha binti yake kati ya magoti, akamtazama kichwa penye mwanga wa dirisha, jambo ambalo hakulifanya tangu alipokuwa mtoto mdogo. Karibu na sikio la kushoto aliona vipele vitatu, alama ya msuko wa Pasaka. Wamepatana: Kipaimara kwa twende kilioni, na rasta fupi za mabegani wakati wa likizo ya Desemba, kama vipele vimepona. Baba yake hajakubali bado. Atakuja kwangu Jumamosi, nami nimemwomba aje na Biblia yake.