Bata Mzinga, Mafuta ya Moto na Usalama wa Uani

Wasomaji wetu wa Busia, Malaba, Mutukula, Mpondwe na Elegu,

Sikukuu zikaribiapo, bata mzinga hupanda bei katika masoko ya Kampala, na siku hizi si lazima aishie katika mchuzi. Zipo kaya ambako ndege huyu, ambaye Waganda humwita ssekkokko, hutumbukizwa mzima katika mafuta ya moto uani, wageni wakitazama. Nyama yake hutoka tamu, hilo hatubishi. Lakini nchini Uganda kikosi cha zimamoto kimo ndani ya Polisi, hivyo sufuria likishika moto sisi ndio tunaoitwa. Ndiyo maana somo la toleo hili ni la jikoni.

Adui wa kwanza katika kazi hii ni maji. Tone la maji likizama katika mafuta yenye joto la nyuzi 175 za Selsiasi hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo huhitaji nafasi mara 1,700 hivi ya ile iliyokaliwa na maji. Hauna njia ila kuyarusha mafuta juu na nje ya chombo. Yakiufikia moto ulio chini, sufuria lote huwaka. Kwa hiyo ukavu wa ndege na kina cha mafuta ndivyo vinavyoamua kama siku itaisha salama, na vyote viwili hupimwa kabla kiberiti hakijawashwa.

Kwetu bata mzinga huchinjwa nyumbani, hutiwa katika maji ya moto ili anyonyolewe, kisha huoshwa ndani na nje. Maji hujificha tumboni, chini ya ngozi ya shingo na makwapani mwa mabawa. Mwinamisheni hadi maji yatoke yote, kisha mfuteni kwa kitambaa safi kila mahali, tumboni pia. Aliyenunuliwa akiwa amegandishwa ana hatari zaidi. Wa kilo 5 huhitaji siku mbili hadi tatu ndani ya friji ili barafu ya ndani iyeyuke. Dume kubwa lenye uzito unaozidi kilo 6 lisikaangwe zima. Likatwe vipande, wala heshima ya mwenye nyumba haitapungua.

Kina cha mafuta hupimwa kwa maji baridi. Mwekeni ndege ndani ya sufuria tupu, mimineni maji hadi yamfunike kidogo, mtoeni, kisha tieni alama pale maji yaliposhukia. Hapo ndipo mafuta yatakapoishia. Kutoka alama ya juu, ndege akiwa ndani, hadi ukingo wa sufuria pabaki upana wa kiganja au zaidi. Pasipobaki nafasi hiyo, chombo ni kidogo. Maji yamwagwe na sufuria likaushwe kabisa.

Kuhusu chombo chenyewe, mafundi wa Katwe hutengeneza masufuria na meko ya chuma ya kila namna, na hatuna sababu ya kuwadharau. Chagueni sufuria refu lenye ukuta mnene badala ya karai pana, likiwa na mfuniko wa chuma unaokaa sawasawa. Kama limeunganishwa kwa kulehemu, lijazeni maji na kuliacha usiku kucha; unyevu ukionekana nje asubuhi, lirudisheni kwa fundi. Jiko liwe fupi, lenye miguu iliyotanuka, juu ya ardhi tambarare, angalau mita tatu kutoka ukuta, uzio wa mabanzi au nguo zilizoanikwa. Mvua ya Desemba huwashawishi wengi kukimbilia barazani au chini ya turubai. Tunashauri kinyume: mvua ikitishia, ahirisheni.

Wakazi wa mpakani wana jambo lao katika gesi. Mtungi hununuliwa upande mmoja na regyuleta upande mwingine, kisha visipolingana hulazimishwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Msifanye hivyo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kutulia bondeni mwa uwanja ikingoja cheche. Pakeni povu la sabuni kwenye viungo. Likitoa mapovu, fungeni mtungi.

Mafuta nayo yana asili yake. Mafuta ya transfoma huibwa na kuuzwa kwa wakaangaji kwa sababu hayachakai upesi. Hayo ni sumu, na wizi wake huwaacha watu gizani. Sheria ya umeme ilirekebishwa mwaka 2022 ili kuongeza adhabu. Dumu lisilo na lebo linalouzwa kwa bei ya kushangaza liripotiwe kituo cha polisi kilicho karibu.

Saa ya kutumbukiza ikifika, zimeni moto kwanza. Mshusheni ndege kwa ndoano ndefu, polepole, mkiwa mmevaa viatu vilivyofungwa, kisha washeni tena. Mafuta yakimwagika wakati huo hayatakuta mwali. Kila kilo huhitaji dakika 7 hadi 8. Watoto wawekewe mstari wa majivu ardhini, nao hupenda kuulinda kuliko tunavyodhani. Mafuta yakianza kutoa moshi, zimeni, yamekaribia kuwaka.

Yakiwaka, msimwage maji na msilibebe sufuria. Fungeni gesi kama mnaweza kuifikia, telezesheni mfuniko juu, ondokeni, pigeni 999 au 112.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, pete na saa zikivuliwa mapema. Samli, dawa ya meno na mayai huhifadhi joto na kumchelewesha daktari. Hospitali ya Kiruddu hapa Kampala hutibu majeraha makubwa ya moto, lakini kutoka Busia ni takribani kilomita 200, na dakika hizo 20 za maji ndizo tiba pekee mtakayokuwa nayo kabla ya kufika kituo cha afya cha karibu.

Mafuta yaliyobaki yaachwe palepale, yamefunikwa, hadi asubuhi ya pili. Huonekana yamepoa kabla hayajapoa.