Watoto Watatu, Viti Vitatu: Pima Kabla ya Kununua Gari

Mzazi anayetafuta gari la familia kwa kawaida huuliza ukubwa wa injini, linakunywa mafuta kiasi gani na vipuri vinapatikana wapi. Mwenye watoto wadogo watatu anafaa kuanza na swali jingine: je, viti vitatu vya watoto vitatoshea ndani na kufungwa imara?

Gari likigonga kitu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa husukumwa mbele kwa nguvu inayoweza kupita uzito wa kilo 200. Hakuna mikono ya mzazi inayoweza kumzuia. Kumfunga pamoja na mama kwa mkanda mmoja ni hatari zaidi, kwa sababu mwili wa mama humkandamiza.

Chukua mfano wa nyumba yenye mtoto wa miezi 8, wa miaka 3 na wa miaka 6. Mdogo anahitaji kiti kinachotazama nyuma, wa pili kiti chenye mikanda yake, na mkubwa kiti cha kumwinua ili mkanda wa gari upite begani na mapajani badala ya shingoni na tumboni. Viti vingi vya watoto vina upana wa karibu sentimita 45, kwa hivyo vitatu vinahitaji kama sentimita 135. Toyota Fielder haifiki mita 1.7 kwa nje. Ukiondoa unene wa milango, viti hivyo husongamana hata kama gari limeandikiwa abiria watano.

Upana huo una sababu. Japani, gari linalozidi mita 1.7 huingia daraja jingine la usajili, hivyo watengenezaji wengi hubaki chini ya kipimo hicho. Hata Noah ya kawaida iliyotoka mwaka 2014 haikizidi. Inachoongeza ni safu ya tatu ya viti.

Hapo pia kuna mtego. Safu ya tatu ya Sienta hukunjwa chini ya viti vya katikati, na ili kuifikia lazima viti hivyo vikunjwe kwanza. Kiti cha mtoto kikishafungwa hapo, njia imezibwa, na mtoto wa nyuma hutegemea kukifungua kila siku. Noah ya abiria saba ina viti viwili vilivyotengana katikati, na mtoto wa miaka 6 hupita kati yake. Kwa familia ya mfano wetu, hiyo ndiyo inayofaa zaidi, ingawa injini yake ya 2000cc hunywa mafuta kuliko ile ya 1500cc ya Sienta.

Japani ililazimisha magari mapya ya abiria kuwa na vishikizo vya ISOFIX kuanzia 2012. Kwa kuwa Kenya huruhusu magari yasiyozidi miaka 8 tangu yasajiliwe mara ya kwanza, yanayoagizwa sasa kwa kawaida huwa navyo, mara nyingi kwenye viti viwili tu. Cha tatu hufungwa kwa mkanda wa gari. Probox husajiliwa huko kama gari la mizigo, kwa hivyo isidhaniwe kuwa navyo. Kwenye gari lililotumika nchini kwa miaka mingi, angalia mkanda wa katikati: ule wa kiunoni pekee haufai kwa kiti cha kuinua.

Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa ambao haujazimwa. Ukifumka, humpiga mtoto kichwani.

Siku ya kwenda yadi, beba viti vyote vitatu. Mwombe muuzaji atoe mifuniko ya viti, maana mara nyingi huficha vishikizo na vifungio vya mikanda. Funga vyote, funga milango, kisha dereva asogeze kiti chake mahali anapoendeshea. Kikigusa kiti cha mtoto mchanga, tafuta gari jingine.