MWENYE UPARA NI SAFI
Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi

Mafungu ya kusoma: Walawi 13:40-44, 1 Samweli 16:7, 2 Wafalme 2:23-25, Mathayo 10:30



Najua wako watakaocheka wakiona kichwa cha somo hili. Na wacheke kidogo, si vibaya. Lakini nawaomba wasome hadi mwisho, kwa kuwa jambo hili la nywele lilinizuia mimi kumtumikia Mungu karibu miaka miwili, na mahali pengine limewatoa watu uhai.

1. Yaliyonipata

Nilifundisha shule za msingi kwa miaka mingi. Jumatatu asubuhi, watoto wakiwa mstarini, nilipita nikikagua kucha, sare na nywele. Aliyekutwa na nywele ndefu alirudishwa nyumbani akanyolewe, awe wa kiume au wa kike. Sikumwuliza kama anaona haya. Kwangu mimi nywele zilikuwa kitu cha kuondolewa tu, basi.

Nilipokaribia kustaafu, zangu zikaanza kuondoka zenyewe. Zilianza pande mbili za paji la uso, halafu utosini, mpaka kikabaki kisiwa kidogo mbele na ukingo kuzunguka masikio. Hapo ndipo nilipojua kwamba ninazipenda. Nilinunua mafuta kwa mchuuzi mmoja sokoni aliyeapa kwamba zitaota upya katika siku 30. Kilichoota ni vipele. Nikapaka rangi nyeusi zile zilizobaki, ngozi nayo ikawa nyeusi, na watu wakatazama zaidi kuliko mwanzo. Mwisho nikanunua kofia ya pama, nikawa siivui.

Lakini kofia haiingii kanisani juu ya kichwa cha mwanamume. Basi nikaanza kuchelewa ibada, nikikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Hapo awali nilikuwa msomaji wa masomo. Mwinjilisti wetu aliponiita tena nisome, nilimjibu kwamba miwani yangu imevunjika. Ndugu zangu, miwani ilikuwa mfukoni, nzima kabisa. Nilisema uongo ndani ya nyumba ya Mungu kwa ajili ya nywele ambazo hata hazikuwapo.

Siku moja mjukuu wangu aliniuliza mbele ya wageni, "Babu, kwa nini unalala na kofia?" Mke wangu akadakia kutoka jikoni, "Mwalimu, wewe uliwanyoa watoto wa watu miaka yote ile. Sasa wewe nani atakunyoa?" Sikuwa na jibu.

2. Neno la Mungu linatufundisha nini?

Katika sura ya 13 ya Walawi kuhani anafundishwa jinsi ya kuwapima watu wenye ugonjwa wa ngozi. Ni sura yenye maneno mazito, maana aliyeonekana najisi alitengwa na wenzake. Katikati ya sheria hizo, Mungu anamtaja mtu ambaye nywele zimemtoka utosini, na mwingine ambaye zimemtoka upande wa paji la uso. Kila mmoja anatajwa peke yake, na hukumu ya wote wawili ni moja: yeye ni safi. Hakuamriwa atoe sadaka, wala ajifunike, wala akae nje ya kambi. Ni pale tu panapotokea kidonda juu ya upara ndipo kuhani atazame zaidi.

Tuone basi jinsi sheria inavyopambanua. Kukosa nywele si ugonjwa, wala si laana. Kidonda ni jambo jingine.

Na kunyoa je? Biblia inaonyesha sababu nyingi. Ayubu alinyoa kichwa kwa msiba (Ayubu 1:20). Mnadhiri alinyoa nadhiri yake ilipotimia (Hesabu 6:18). Paulo alikata nywele zake huko Kenkrea kwa ajili ya nadhiri (Matendo 18:18). Upande mwingine yuko Absalomu, ambaye nywele zake zilipimwa kwa mizani kwa uzito wake, tena alisifiwa kwa uzuri nchi nzima (2 Samweli 14:25-26). Uzuri ule haukumfanya kuwa mwana mwema kwa baba yake. Bwana alikwisha kumwonya Samweli kwamba mwanadamu hutazama sura ya nje, bali Yeye hutazama moyo.

3. Siku ya kunyoa

Nilikwenda kwa kinyozi pale Omurushaka, kwenye njia panda ya kwenda Kyerwa. Nilichagua mbali na nyumbani ili nisionekane. Kumbe kinyozi mwenyewe ni kijana niliyemfundisha darasa la tatu!

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Nikupunguzie?"

"Ondoa zote."

Akasimama na mashine mkononi. "Pole, Mwalimu. Mmefiwa?"

Hakukosea kuuliza, kwani kwa wengi wetu kichwa kilichonyolewa ghafla ni alama ya msiba. Nikamjibu, "Hapana. Zenyewe zimeamua kuondoka, nami nazisindikiza tu."

Kazi ilikwisha upesi. Nilisikia baridi kichwani ambayo sikupata kuisikia tangu utotoni. Nilipotazama kioo, nilikiona kichwa cha marehemu baba yangu. Kilikuwa vile vile, na ile alama ya bonde juu ya sikio. Nikakumbuka kwamba sikuona aibu hata siku moja kuwa mtoto wa mzee yule mwenye upara. Sasa aibu hii niliitoa wapi?

Jumapili iliyofuata nilimwendea Mwinjilisti kabla ya kengele, nikamwungamia habari ya miwani. Alicheka, akanisamehe, akanipa somo la Agano la Kale.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Wala sisemi kwamba kila mwenye upara lazima anyoe. Akipenda aache ukingo wake, akipenda anyoe, yote ni halali. Ninachosema ni kwamba lile unaloficha mpaka linakutenga na ibada na wenzako limekwisha kuwa bwana wako.

4. Mambo ya kujua kwa afya

(a) Sababu. Kichwa cha mtu mzima huwa na nywele zipatazo 100,000, na kupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku ni kawaida. Upara wa kawaida wa mwanamume hutokana na urithi, kutoka upande wa baba na wa mama pia, pamoja na homoni za kiume ambazo hufanya mashina ya nywele yasinyae polepole. Kuvaa kofia hakuuleti. Kunyoa hakuzidishi nywele wala hakuzimalizi, kwa kuwa wembe hukata sehemu iliyo nje tu, wala haufiki kwenye shina. Zipo dawa za hospitali zinazowasaidia baadhi ya watu, ila faida yake hudumu wakati zinapotumiwa tu. Daktari aulizwe kwanza, si mchuuzi.

(b) Wakati wa kupimwa. Kama vile kuhani alivyotazama kidonda, nasi tusipuuze dalili. Nywele zikitoka ghafla kwa mabaka ya mviringo, au ngozi ikiwa na magamba, usaha au maumivu, nenda kituo cha afya. Watoto wenye mapunye watibiwe, wasichekwe. Akina mama wajue kwamba kusuka kwa kukaza sana siku zote hung'oa nywele za pembeni, na pasipotazamwa mapema huenda zisirudi. Tena wanawake wengine hupoteza nywele baada ya kujifungua, baada ya homa kali, au kwa dawa za saratani. Hao wanahitaji upole wetu.

(c) Wembe. Sisi wa Kagera tusisahau. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu huu mwaka 1983, nasi tulizika watu wengi. Kunyoana wembe mmoja kunaweza kupitisha virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini. Wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele ya macho yako. Mashine isafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu kabla haijakugusa. Ukiweza, uwe na vifaa vyako. Kumwuliza kinyozi si kumdharau.

(d) Namna ya kunyoa. Anayeanza apunguze kwanza kwa mashine. Akitaka kutumia wembe, alainishe kichwa kwa maji ya vuguvugu na povu la sabuni, afuate nywele zinakoelekea, wala asikandamize. Nywele zetu za kujikunja zikikatwa chini mno hurudi ndani ya ngozi na kuleta vipele vya kisogoni. Mwenye vipele hivyo apumzishe wembe, akaonane na mganga wa kituo cha afya. Baada ya kunyoa apake mafuta kidogo. Shambani jua la mchana huunguza utosi usio na nywele, na asubuhi za milima yetu zina baridi. Kwa hiyo kofia yangu ya pama ingali inafanya kazi, lakini sasa ni kwa ajili ya jua.

5. Wanaocheka, na wanaoua

Vijana wa Betheli walimdhihaki nabii Elisha kwa upara wake, na habari ile iliishia kwa machozi. Sisi wenye upara tusiichukue kuwa ruhusa ya kuwalaani watoto wa jirani. Ni onyo kwa wazazi, wawafundishe watoto kwamba umbo la mtu si mchezo. Hujafa hujaumbika.

Tena upo utani kwamba mwenye upara ana fedha. Hata msimu wa kahawa ukifika huwa tunaambiwa hivyo. Lakini utani ukigeuka imani huwa sumu. Mwezi Juni 2017 polisi wa Msumbiji waliwaonya wanaume wenye upara wajihadhari, baada ya wanaume kadhaa kuuawa katika wilaya ya Milange, mkoa wa Zambezia. Wauaji waliamini kwamba vichwa vyao vina utajiri. Tusiseme hayo ni ya mbali. Uongo wa namna hiyo hiyo umemwaga damu ya ndugu zetu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa, na mwaka 2024 mtoto mdogo aliuawa katika wilaya ya Muleba, mkoani mwetu. Hakuna dhahabu katika kiungo cha mtu. Kilichomo ni sura ya Mungu, naye ameuhesabu kila unywele, uliopo na uliokwisha kuanguka. Mkristo akisikia maneno ya biashara hiyo asinyamaze, atoe taarifa.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Mungu aliona vema kumtaja mwenye upara katika sheria ya najisi na safi?
2. Je, liko jambo katika mwili wako au nyumba yako unaloficha mpaka unakosa ibada au huduma?
3. Ni utani gani tunaofanya sisi kwa sisi ambao unaweza kumwumiza mtu, au kumhatarisha?
4. Wembe wa nyumbani kwako hutumiwa na watu wangapi?

Sala: Ee Mungu, uliyetuumba na kututazama moyo, utuondolee aibu isiyo na sababu, na utupe aibu ya kweli juu ya dhambi zetu. Uwalinde wote wanaowindwa kwa ajili ya umbo lao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.