Mofini na Mwili wa Mtu

Tangu kale watu wamejua ya kuwa utomvu wa afyuni, uitwao pia kasumba, hutuliza maumivu. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani Friedrich Sertürner alitenga humo dawa yenyewe, nayo ndiyo mofini.

Dawa hii haiponyi kidonda. Hufanya kazi katika ubongo na uti wa mgongo, ikazuia habari za maumivu. Wagonjwa wengi husema kwamba maumivu wayasikia bado, ila hayawasumbui tena. Wasiwasi hupungua, na wengine huona furaha. Lakini wako pia wapatao kichefuchefu na unyonge tu. Mboni za macho husinyaa, choo huwa kigumu, na akili hupunguza mwendo: aliyeanza kuitumia haifai aendeshe gari.

Hatari kubwa imo katika pumzi. Sehemu ya ubongo iamrishayo kupumua hulegea, na dawa ikizidi, au ikichanganywa na pombe, mtu huweza kukata roho usingizini. Tena mwili huizoea, hata kipimo cha jana kisitoshe leo. Na mtu akiiacha ghafula hutoka jasho, huharisha, wala halali. Mazoea hayo nayo hupotea. Aliyeiacha kwa majuma kadhaa, kisha akarudia kipimo chake cha zamani, huenda kikamwua. Aliyezidiwa apelekwe hospitali mara moja, akawahi kupewa naloksoni, dawa iitanguayo mofini.

Hata hivyo mgonjwa wa saratani mwenye maumivu makali asinyimwe mofini kwa hofu. Nchini Uganda, Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993, imewapa wagonjwa wake mofini ya maji wainywe nyumbani kwa kipimo.