Unga Haukuisha Chomboni

SOMO JUU YA MOYO WA KUTOA

Tusome: 1 Wafalme 17:8-24; 2 Wakorinto 8:1-21
Tuongeze: 2 Wafalme 4:1-7, Marko 12:38-44
Kusudi la somo: kufahamu wingi anaoutoa Mungu ni wa namna gani, na kujifunza kutoa bila majivuno na bila haya.

UTANGULIZI



Katika parokia zetu wako watu wanaokosa ibada siku ya nsinsani. Si wagonjwa, wala hawakusafiri. Mmoja ni mama anayeuza makala. Juma lile hakuuza kitu, naye anasema moyoni: "Nitapita mbele ya watu na nini mkononi?" Basi anabaki nyumbani. Mwingine anakuja, lakini amekopa kwa jirani ili kundi lake lisishindwe. Wa tatu anatoa kwa sababu alimsikia mhubiri fulani akiahidi kwamba kila franka itamrudia mara mia kabla ya mwezi kuisha.

Hawa watatu ni ndugu zetu. Wa kwanza ana haya, wa pili ana hofu, wa tatu anafanya biashara na Mungu. Somo hili ni lao, na ni letu sote.

I. MJANE WA SAREPTA

Mvua ilikuwa imekatika na njaa imeingia. Mungu hakumtuma Eliya kwa tajiri. Alimtuma Sarepta, katika nchi ya Sidoni, kwa mjane aliyekuwa anaokota kuni za kupikia chakula chake cha mwisho. Tuangalie mambo manne.

1. Mjane alisema ukweli. Hakuficha hali yake mbele ya nabii. Alimhesabia kila kitu: konzi moja ya unga, mafuta kidogo, na mtoto mmoja. Mtu wa Mungu hakumdharau kwa ajili ya hesabu hiyo. Alianza kwa kumwambia asiogope.

2. Nabii hakuchukua unga wote. Aliomba mkate mdogo kwanza, kisha akamwambia mjane ajipikie yeye na mwanawe. Wengi tunakumbuka lile neno "kwanza" na kusahau neno "mdogo", tena tunamsahau mtoto. Lakini Eliya hakumsahau.

3. Chombo hakikujaa, ila hakikuisha. Biblia haisemi kwamba asubuhi mjane alikuta magunia nyumbani. Inasema unga haukupunguka hata siku ya mvua. Kila siku aliinama, akatia mkono ndani, akakuta unga wa siku ile. Ndivyo ilivyokuwa na mana jangwani (Kutoka 16): aliyeweka akiba hata kesho alikuta wadudu. Wingi wa Mungu ni kutosha kwa leo, na kumtumaini kwa ajili ya kesho.

Wengi wetu tunakumbuka Septemba 1991, maduka yalipoporwa Kinshasa na katika miji mingine. Ghala zilizojaa kwa miaka ziliisha kwa siku moja. Miaka ile mishahara ilipoteza nguvu kabla ya kufika nyumbani. Ni nani aliyetulisha? Mara nyingi ni jirani aliyegawanya bukari yake, naye mwenyewe alikuwa na kidogo.

4. Mtoa naye alipata msiba. Tusifunge Biblia kwenye mstari wa 16. Katika mstari wa 17 mtoto wa mjane anaugua, na pumzi inamwisha. Mama huyu alikuwa ametoa, tena kwa imani! Basi sadaka si dawa ya kuzuia mateso, na anayehubiri hivyo anawadanganya maskini. Lakini tazameni: ni nani aliyembeba mtoto yule hata chumba cha juu, akamlilia Mungu mara tatu? Ni Eliya, aliyekula mkate wa mama yake. Mungu akamsikia, mtoto akaishi. Kanisa linalokula mkate wa mjane linadaiwa kumbeba mtoto wake siku ya ugonjwa.

II. WAKRISTO WA MAKEDONIA

Paulo alikuwa anakusanya msaada kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalema. Wamakedonia walikuwa maskini sana, lakini wao ndio waliomwomba wapewe nafasi ya kusaidia. Siri yao iko katika mstari wa 5: walijitoa wenyewe kwanza kwa Bwana. Pesa ilifuata nyuma.

Mstari wa 12 unamjibu mama wa makala: Mungu anapokea kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa kadiri ya asicho nacho. Na mistari ya 13 na 14 inatuonyesha kwamba Paulo hakutaka wengine wapumzike na wengine wataabike. Alitaka usawa: leo wewe unanisaidia, kesho mimi nitakusaidia.

III. USHUHUDA WA KANISA LETU

Papa Simon Kimbangu alianza kazi ya Bwana huko Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa Septemba mwaka ule alikamatwa. Tarehe 3 Oktoba alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akakaa gerezani hata alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Hakuacha mali. Mama Marie Muilu na waamini waliendelea kusali kwa siri, na wengi walihamishwa mbali na vijiji vyao. Kanisa lilitambuliwa na serikali tarehe 24 Desemba 1959.

Watu wale wale, walionyang'anywa kila kitu, ndio waliojenga hekalu la Nkamba lenye viti 37,000. Lilifunguliwa tarehe 6 Aprili 1981. Mwenye pesa alileta pesa. Asiye na pesa alibeba mawe kichwani. Leo ukiingia mle ndani, nani anaweza kuonyesha jiwe la tajiri na jiwe la maskini?

IV. TUFANYE NINI?

1. Usikope ili utoe. Mjane mwingine alipojaziwa mafuta, Elisha alimwambia auze, alipe deni, kisha aishi na watoto wake kwa yale yaliyobaki (2 Wafalme 4:7). Pesa ya likelemba ni ya wenzako. Pesa ya masomo ni ya mtoto. Usiipeleke mbele ya Bwana kana kwamba ni yako.

2. Usibaki nyumbani. Kama huna franka, njoo na mikono yako: fagia, teka maji, tembelea mgonjwa, imba. Pita mbele na wenzako, kichwa juu.

3. Nsinsani ibaki furaha. Kushindana kwa kutoa ni vizuri, ngoma na filimbi ni vizuri. Lakini kundi lililopata kidogo lisichekwe. Bwana Yesu alipowatazama watu wakitia sadaka, aliwaona matajiri na mjane pia. Tena kabla ya hapo alikuwa amewakemea wanaokula nyumba za wajane (Marko 12:40). Tusisome mstari wa 41 bila kusoma ule wa 40.

4. Mshika pesa atoe hesabu. Paulo hakwenda peke yake na msaada ule. Aliongozana na ndugu wengine ili asilaumiwe, mbele ya Bwana na mbele ya watu (mistari ya 20-21). Hesabu ikisomwa wazi, mikono inafunguka. Ikifichwa, mikono inafungwa, na kosa si la waamini.

5. Uliyejaliwa, anza karibu. Kabla ya kutangazwa jina lako kanisani, uliza kama jirani yako amepika leo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini Mungu alimtuma Eliya kwa mjane, si kwa tajiri?
2. Katika parokia yetu, ni nani hakuja siku ya nsinsani iliyopita? Nani amekwenda kumwona?
3. Kuna tofauti gani kati ya kutoa kwa imani na kutoa ili kurudishiwa?
4. Sisi tuliokula mkate wa wajane, tumewabeba watoto wao?

MWISHO

Upendo, Amri na Kazi: hayo tuliachiwa. Upendo unafungua mkono, amri inaulinda usiibe wala usijivune, kazi inauwekea kitu ndani yake. Juma hili kila mmoja ainame juu ya chombo chake. Akikuta unga wa leo, amshukuru Mungu, na apike mkate mdogo kwa ajili ya mwingine.

Bwana awabariki. Amina.