Kuhamisha Picha za Video kutoka Utepe hadi Kompyuta

Si ajabu kukuta katika kabati la shule kanda za video zilizorekodiwa miaka ya 1980 au 1990: mahafali, michezo, au mazungumzo ya mzee ambaye sasa ni marehemu. Mwalimu atakaye kuzihariri ili wanafunzi wazione hana budi kwanza kuzihamishia katika kompyuta. Kazi hiyo huonekana kuwa ni ya kuunganisha nyaya tu, kumbe ubora wa yote yafuatayo huamuliwa na usomaji wa kwanza wa utepe.

Picha hukaaje katika utepe?

Utepe wa VHS, uliotolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, una upana wa milimita 12.7. Ni ukanda wa plastiki uliopakwa chembe za oksaidi ya chuma zilizoshikwa kwa gundi. Wakati wa kurekodi, umeme unaobadilika huzitia chembe hizo usumaku. Wakati wa kusoma, usumaku huo huzaa umeme tena.

Katika mfumo wa PAL, uliotumika Afrika Mashariki, utepe husogea milimita 23.39 tu kwa sekunde. Mwendo huo hautoshi kubeba picha. Kwa hiyo vichwa vya kusomea hufungwa katika ngoma ya chuma yenye kipenyo cha milimita 62, nayo huzunguka mara 25 kwa sekunde huku utepe ukiipitia kwa mshazari. Mzingo wa ngoma ni 3.14 × 62, yaani karibu milimita 195. Ukizidishwa kwa 25, huonekana kwamba vichwa hukimbia takriban mita 4.9 kwa sekunde. Kila mzunguko hutoa picha moja kamili.

Kutoka umeme hadi tarakimu

Umeme utokao katika deki hupanda na kushuka mfululizo kama wimbi, lakini kompyuta hufanya kazi kwa tarakimu. Kifaa cha kugeuzia hupima wimbi hilo mara nyingi kwa sekunde na kuandika kila kipimo kuwa tarakimu. Kanuni ni kwamba idadi ya vipimo lazima izidi maradufu ya mitetemo ya haraka kabisa iliyomo katika wimbi. Mwangaza wa picha ya PAL hufikia mitetemo milioni 5 hadi 6 kwa sekunde. Kiwango cha kimataifa kilichokubaliwa mwaka 1982 ni vipimo milioni 13.5.

Hivyo hupatikana picha ya nukta 720 kwa mistari 576. Kila nukta ikichukua baiti 2, picha moja ni baiti 829,440, na saa moja ya picha ni karibu gigabaiti 75. Mfumo wa DV, ulioanza mwaka 1995, hubana picha hizo hata saa moja, pamoja na sauti, ikatosha katika gigabaiti 13 hivi.

Zamani, kuhariri kulikuwa ni kunakili kutoka utepe hadi utepe, na kila nakala ilififia kuliko iliyoizaa. Tarakimu haififii: 7 ikinakiliwa mara mia hubaki 7. Lakini kosa la usomaji wa kwanza nalo hunakiliwa vivyo hivyo.

Utaratibu wa kufuata

1. Utepe ukaguliwe. Wenye ukungu usichezwe, kwani utachafua vichwa na kuharibu kanda nyingine.
2. Vichwa vya deki visafishwe, na utepe mwingine usio na thamani uchezwe kwanza kwa majaribio.
3. Deki iunganishwe na kifaa cha kugeuzia, waya wa picha na nyaya za sauti kila mmoja mahali pake.
4. Utepe wote urekodiwe tangu mwanzo hadi mwisho bila kukata kitu. Kuhariri kungoje.
5. Nakala mbili zihifadhiwe mahali mbalimbali, na uhariri ufanywe katika nakala ya tatu. Utepe wenyewe usitupwe.

Kazi hii haipaswi kuahirishwa. Gundi ya utepe hufyonza unyevu wa hewa na kulegea, na hali hiyo huwa mbaya zaidi katika sehemu za pwani. Tena, kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Utepe mzima usio na deki ya kuusoma ni sawa na barua iliyoandikwa kwa hati isiyosomeka tena.

Maswali

1. Utepe wa saa 3 una urefu wa mita ngapi?
2. Kwa nini uhariri usifanywe wakati utepe unasomwa?