Nani Aliyekihitaji? Mazungumzo ya Kisiba

MWULIZAJI: Tata, kijana mmoja ameniuzia sarafu hii kandoni mwa ziwa hili la Kisiba. Ina tundu katikati, taji juu yake, na maandishi yasemayo Deutsch Ostafrika. Ni nani aliyeibuni?

MZEE: Keti, mwanangu. Swali la nani aliyebuni kitu aghalabu huishia katika jina, na jina tupu halimwongezei mtu maarifa. Uliza kwanza ni nani aliyekihitaji na kwa haja gani, na hapo tarikhi, sheria na sanaa zitakujia pamoja.

MWULIZAJI: Basi nani aliyeihitaji sarafu?

MZEE: Mtoza kodi. Babu zetu walikuwa na ng'ombe, migomba, na majembe ya chuma waliyoyapata kwa Wakinga, wala hawakujiona mafukara; lakini ilipoanza kodi ya nyumba mwaka 1898, nayo ni rupia 3, ilimpasa mtu auze mazao yake au aende kufanya kazi ya ujira ili apate fedha ya kumlipa Mdachi, yaani Mjerumani. Hapo kwanza rupia 1 ilikuwa pesa 64, kwa desturi ya Bara Hindi, hata mwaka 1904 ikagawanywa kuwa heller 100, hesabu iliyo nyepesi kwa karani. Na tundu hilo lamfaa asiye na mfuko katika nguo yake, kwani huzitunga sarafu zake katika uzi.

MWULIZAJI: Na fedha yenyewe ikikosekana?

MZEE: Haja haingoji, mwanangu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Waingereza zilipoziba njia ya bahari, Wadachi walipiga sarafu zao wenyewe Tabora, katika karakana ya reli, mwaka 1916: heller 20 kwa shaba ya maganda ya risasi na vyuma vikuukuu, na rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, yenye sura ya tembo. Tembo yule leo husifiwa na wapenda sanaa, hali aliyemchora alikuwa akitafuta fedha ya kuwalipa askari.

MWULIZAJI: Nalo boma la mawe la hapa Masoko?

MZEE: Lilijengwa na Wadachi kwa ajili ya askari wao, kisha Waingereza wakaliingia, na baadaye likawa mahakama. Lakini usidhani kuwa hukumu ililetwa na mawe yale. Babu zetu Wanyakyusa waliishi kwa vijiji vya rika, vijana wa umri mmoja wakijijengea kijiji chao, na ugomvi ukaamuliwa kwa maneno ya jirani na wazee, mara nyingi kwa fidia ya ng'ombe. Mambo hayo mwanaanthropolojia Bibi Monica Wilson aliyaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1951. Baada ya uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliziondoa mahakama za wenyeji ikaweka Mahakama za Mwanzo, ambamo hakimu aliketi pamoja na wazee washauri, na shauri likasikizwa kwa Kiswahili. Serikali ilihitaji sheria moja kwa nchi nzima. Mwananchi naye alihitaji asikizwe na watu wanaomfahamu. Na kwenye lile benchi la wazee ndipo haja mbili hizo zilipokutana.

MWULIZAJI: Tata, hapa niwie radhi nikupinge. Vyungu vya Wakisi vinavyouzwa gulioni Matema vina nakshi shingoni. Mpishi haihitaji nakshi, kwa kuwa maharage huiva bila hiyo.

MZEE: Umenibana, na ni vyema. Wanawake wa Kikisi wa kijiji cha Ikombe hufinyanga kwa kuwa milima ya Livingstone imewaachia ardhi haba ya kulima, hivyo chungu ndicho shamba lao. Nakshi haimpikii mtu, lakini vyungu mia vikipangwa mchangani, mnunuzi huenda kwenye kile kilichompendeza. Fauka ya hayo, jicho lina haja yake, nayo haiishi kwa kushiba.

MWULIZAJI: Na wale wataalamu wa Ufaransa waliochimbua tope chini ya ziwa hili la Kisiba? Nani alihitaji tope?

MZEE: Ziwa hili lina kina cha karibu mita 38, na tope lake limejipanga tabaka juu ya tabaka kwa miaka kama 45,000, pamoja na majivu ya volkano na chavua za mimea. Aliyelisoma alipata khabari za mvua na kiangazi za zama ambazo hapakuwa na mwandishi. Mkulima anahitaji khabari hizo, ingawa hakuziagiza yeye.

MWULIZAJI: Nianzie wapi kuuliza hivyo mimi peke yangu?

MZEE: Anzia kwenye chai ya Tukuyu. Muulize aliyeichuma, kisha aliyeipima kwenye mizani, kisha usome karatasi za waliokuwa na mashamba. Kila mmoja atakutajia haja yake, wala hazitafanana. Na palipo na tofauti hiyo ndipo utakapopata la kuandika.